Dawa ya mbegu za mwarobaini kwenye bustani ya mboga: mwongozo kamili kwa waliojaribu ikagoma

Kila mwaka mvua ikikatika na watu wakishuka mabondeni kulima bustani, kuanzia Ng'apa na Mingoyo huku Lindi hadi Ndanda kule Masasi, nasikia kauli ileile: "Mwarobaini nimejaribu, hausaidii kitu." Nikiuliza uliutengenezaje, majibu hayapishani sana. Majani yalichemshwa kama dawa ya homa. Yakapuliziwa saa tano asubuhi, jua linawaka. Iliyobaki ikawekwa kwenye dumu, ikatumika tena wiki iliyofuata. Na viwavi wenyewe walikuwa wameshanenepa.

Mimi pia nilianzia hapo. Nilipoteza matuta manne ya kabichi kwa kupulizia maji machungu ya majani juu ya viwavi wakubwa, na iliniuma, kwa sababu zilibaki wiki tatu tu nivune. Tangu hapo nimerudia kazi hii misimu mingi, kwenye kabichi, figiri, bamia na nyanya chungu. Mwarobaini unafanya kazi, ila una masharti, na kila sharti lina sababu yake. Mwongozo huu unahusu zaidi mbegu, maana nguvu kubwa iko huko. Majani, na utupa ambao ni kichaka kingine cha dawa, nimeviweka karibu na mwisho, kwa asiye na mbegu.

## Mahitaji

Hesabu hii ni ya bomba moja la mgongoni la lita 15:

- Viini vikavu vya mbegu za mwarobaini, gramu 750, yaani gramu 50 kwa kila lita ya maji. Kama mbegu zina ganda, anza na kilo 1 na nusu, kwa sababu ganda huchukua karibu nusu ya uzito.
- Maji lita 15 yasiyo na chumvi wala magadi.
- Sabuni ya mche, takriban gramu 15, iliyokwanguliwa. Ni kama kijiko kimoja cha chakula kilichojaa.
- Kinu, mchi na ungo.
- Ndoo mbili zenye mifuniko.
- Kipande cha kanga kuukuu au shuka la pamba cha kuchujia.
- Bomba safi lenye pua inayotoa ukungu mwembamba.
- Glovu, shati la mikono mirefu, kitambaa cha kufunika pua na mdomo.
- Vitambaa vidogo vya rangi kumi, vya kufunga kwenye mimea kama alama.

Kinu cha kazi hii kisirudi jikoni, na kifumbu cha kuchujia tui usikiguse kabisa. Uchungu wa mwarobaini hunasa kwenye mti na kwenye ukindu, hautoki hata ukisugua kwa mchanga. Tafuta kinu cha zamani kilichopasuka, kitatosha.

Kama huna mizani, nenda na kopo lako dukani, pima viini mara moja, kisha toboa alama kwa msumari pale gramu 750 zinapofika. Kuanzia siku hiyo unapima kwa kopo.

Piga pia hesabu ya msimu mzima kabla hujaanza. Bomba moja la lita 15 hutosha takriban mita za mraba 300 za mboga za wastani. Nyanya zilizokua na kufunga majani mengi hula mara mbili ya hapo. Ukipulizia bomba moja kila wiki kwa wiki nane, unahitaji kilo 6 za viini, ambazo ni kama kilo 12 za mbegu kavu zenye ganda. Mti mmoja mkubwa huzaa makumi ya kilo ya matunda, kwa hiyo mbegu zipo. Wanaokwama ni wale wanaoanza kuzitafuta siku kabichi zinapotobolewa.

## Dawa hii inauaje?

Ndani ya kiini kuna kemikali inayoitwa azadirakitini. Kiwavi akila jani lenye kemikali hiyo, kwanza anapoteza hamu ya kula. Pili, anashindwa kujivua ngozi. Kiwavi hukua kwa kuvua ngozi mara kadhaa, na asipoweza kuivua ananasa humo humo na kufa.

Hayo huchukua siku tatu hadi tano, wakati mwingine zaidi. Dawa za dukani zimetuzoesha kumwona mdudu anadondoka kabla bomba halijaisha, kwa hiyo mtu akirudi kesho yake akakuta viwavi bado wapo, anasema imeshindwa. Siku ya kwanza hutaona maiti. Utaona matundu mapya yamekoma.

Ndiyo sababu pia dawa huwapata vizuri viwavi wadogo na kuwaachia wakubwa. Mkubwa amebakiza ngozi moja tu ya kuvua. Anajificha akageuke kuwa nondo.

## Hatua ya 1: Hakikisha adui ni mdudu unayemweza

Geuza majani. Pita kwenye bustani kwa mwendo wa nyoka, simama kwenye mimea 20, angalia upande wa chini wa majani matatu kwenye kila mmea. Fanya hivi mara mbili kwa wiki, asubuhi.

Mwarobaini unawaweza viwavi wadogo wanaokula majani, wakiwemo wa nondo mgongo wa almasi kwenye kabichi na figiri. Unawaweza vidukari, ambao wengi tunawaita wadudu mafuta, na watoto wa inzi weupe. Vidomozi wanaochora michirizi ndani ya jani hupungua. Panzi hawafi, lakini hulikimbia jani chungu.

Kantangaze wa nyanya, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ni mgumu kwa sababu kiwavi wake anakaa ndani ya jani au ndani ya tunda. Utampunguza ukimwahi akiwa mayai au ametoka tu kuanguliwa, na lazima uchume majani yenye mabaka uyachome moto. Dawa peke yake haitamaliza.

Haiwezi sota wanaokata miche usiku chini ya udongo, wala minyoo fundo kwenye mizizi. Haiponyi mnyauko, na jani lililokwisha kujikunja kwa virusi halikunjuki tena. Nimeona mtu akipulizia mabomba manne kwenye nyanya zilizonyauka kwa bakteria. Angeng'oa mimea sita tu siku ya kwanza, shamba zima lingebaki.

Utajua umefaulu: umemwona mdudu mwenyewe, ni mdogo kuliko punje ya mchele, na hajazidi kuenea. Ukikuta viwavi wakubwa, waokote kwa mkono kwanza, uwatie kwenye kopo la maji ya sabuni, ndipo uandae dawa kwa ajili ya watoto wanaofuata.

## Hatua ya 2: Pata mbegu nzuri

Hapa ndipo dawa nyingi huharibika, miezi kadhaa kabla ya kufika shambani.

Hakikisha kwanza ni mwarobaini wenyewe. Mmelia hufanana nao kwa mbali na wengi huuchanganya. Angalia jani. La mwarobaini lina kikonyo kimoja, na vijani vimejipanga pande mbili za kikonyo hicho, kingo zake zina meno kama msumeno. La mmelia kikonyo chake hutoa vikonyo vingine, na vijani viko kwenye hivyo vya pili. Matunda ya mmelia ni sumu kwa mtu na kwa nguruwe, yasikae karibu na watoto.

Chuma au okota matunda ya njano. Yale ya kijani hayajakomaa, na yaliyolala chini siku nyingi hadi yakawa meusi yameshaingia ukungu. Fagia chini ya mti jioni, kisha okota kila asubuhi yaliyoanguka usiku. Popo watakuwa wameshakusaidia kwa kula nyama na kuangusha mbegu tupu. Hizo ni nzuri, zioshe tu.

Loweka matunda kwa saa chache, yaminye kwa mkono ndani ya maji, nyama itoke, mbegu zibaki nyeupe. Suuza hadi zisiteleze. Nyama ikibaki inavuta ukungu, na ukungu kwenye mbegu unaweza kuleta sumukuvu, ileile tunayoiogopa kwenye karanga na mahindi.

Kausha kivulini. Hili linavunjwa sana huku kwetu kwa sababu tumezoea kuanika korosho juani, na kwa korosho ni sawa. Mbegu ya mwarobaini ikipigwa na jua kali inapoteza azadirakitini. Itandaze juu ya mkeka barazani, safu moja, igeuze mara mbili kwa siku. Siku tatu hadi saba hutosha, kutegemea hewa.

Hifadhi kwenye kikapu au gunia linalopumua, mahali pakavu penye giza. Usitie kwenye mfuko wa plastiki wala ndoo iliyofungwa. Jasho la mbegu litaziozesha. Andika mwezi kwenye kipande cha karatasi ukitie ndani. Zikipita miezi 8 hivi, nguvu imeshuka, tafuta nyingine.

Utajua umefaulu: vunja mbegu tano kwa jiwe. Kiini kizuri ndani yake ni cha kijani hafifu, kigumu, kina harufu kali inayokaribia ya kitunguu saumu. Kikiwa cha kahawia iliyokolea, cheusi, au kina unga wa ukungu, tupa. Zikiharibika tatu kati ya tano, tupa gunia zima.

## Hatua ya 3: Twanga, usisage

Twanga mbegu polepole hadi maganda yapasuke, kisha pepeta kwa ungo. Maganda yataruka, viini vitabaki. Pima gramu 750 za viini.

Rudisha viini kinuni, twanga hadi viwe chembechembe kama chenga za mchele au unga wa dona. Acha mara unapoona mchi unaanza kung'aa kwa mafuta. Ukiendelea utapata donge linaloteleza, maji hayataingia vizuri, na mafuta yaliyojitenga yataziba pua ya bomba.

Funika pua na mdomo, vumbi lake linakereketa koo. Twanga kiasi cha siku hiyo tu, kwa sababu chembe zilizofunguka huharibika upesi kuliko kiini kizima.

## Hatua ya 4: Maji, kisha kulowekwa usiku kucha

Azadirakitini hupenda maji yenye uchachu kidogo na huvunjika haraka kwenye maji yenye magadi. Sasa fikiria visima vya pwani yetu, vilivyochimbwa kwenye mawe ya chokaa. Mtu anatengeneza dawa safi kabisa, kisha anaiharibu kwa maji.

Pima hivi. Chota maji kwenye chupa, kwangua sabuni ya mche kidogo, tikisa. Povu likifura na kukaa, maji yanafaa. Yakitoa vipande vyeupe vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika, na povu halishiki, hayo ni maji magumu. Tafuta ya mto au ya mvua. Ukikosa kabisa, kamulia ndimu mbili kwenye ndoo kabla ya kutia viini.

Tia viini vilivyotwangwa kwenye ndoo, mimina maji lita 5 kwanza, koroga, funika, weka kivulini au ndani ya nyumba. Acha kwa saa 12. Ukianza saa moja usiku, itakuwa tayari saa moja asubuhi. Lakini kwa kuwa tunapulizia jioni, mimi huloweka saa kumi na moja alfajiri na kuchuja saa kumi na moja jioni. Hivyo dawa haikai bure.

Usichemshe. Moto unavunja kile unachokitafuta. Maji ya kawaida yanatosha.

Utajua umefaulu: maji yamekuwa meupe yenye ukahawia, mazito kidogo, kama tui la pili. Harufu ya kitunguu saumu imejaa. Ukikuta povu linalochemka lenyewe na harufu ya chachu, imeshachacha, mwaga.

## Hatua ya 5: Chuja, halafu tia sabuni

Tandika kanga juu ya ndoo ya pili, mimina, kunja kitambaa ukamue kama unavyokamua nazi. Rudisha machicha kwenye maji mengine lita 5, koroga dakika tano, kamua tena. Malizia na lita 5 zilizobaki. Sasa una lita 15.

Chuja mara ya pili kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanashinda shambani wakizibua pua ya bomba kwa mwiba.

Yeyusha sabuni kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, iache ipoe, itie mwishoni na ukoroge taratibu. Jani la kabichi lina nta, maji matupu yanaviringika na kudondoka kama yanavyofanya kwenye jani la magimbi. Sabuni ndiyo inayoyafanya yatandae. Tumia ya mche. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inaunguza majani.

Machicha usitupe. Yafukie kwenye matuta, ni mbolea.

## Hatua ya 6: Jaribu kidogo kwanza

Kama zao hilo hujawahi kulipulizia mwarobaini, siku tatu kabla ya kazi kubwa tengeneza lita moja tu kwa gramu 50 za viini na sabuni kidogo. Pulizia mimea mitano jioni. Angalia baada ya siku mbili. Majani yakiwa salama, endelea. Kingo zikikauka au yakiwa na madoa ya kuungua, punguza nusu: gramu 25 kwa lita. Miche iliyohamishwa karibuni iache ishike kwanza.

## Hatua ya 7: Pulizia jioni, chini ya jani

Anza saa kumi na moja na nusu. Mwanga wa jua huvunja azadirakitini, na dawa iliyopuliziwa jioni inapata usiku mzima wa kukaa kwenye jani huku viwavi wakila. Nyuki nao wanakuwa wamerudi mizingani. Kwa aliyepanda tikiti, matango au maboga hili ni la lazima, kwa sababu maua yao yanawategemea nyuki ili yafunge.

Upepo wa kusi ni tatizo la kweli kwetu kati ya Juni na Agosti. Ukivuma, ngoja utulie, au amka alfajiri. Simama upepo ukiwa mgongoni mwako.

Kabla hujatia dawa, jiulize bomba lilitumika kwa nini mara ya mwisho. Kama ni dawa ya kuua majani, usilitumie kwa mboga. Mabaki kidogo tu yanaweza kuua bustani. Kuwa na bomba la peke yake, au azima kwa mtu unayemwamini atakwambia ukweli.

Sasa namna yenyewe ya kupulizia. Shusha pua ya bomba hadi karibu na ardhi, ielekeze juu, na pulizia upande wa chini wa majani kwanza. Vidukari, mayai ya nondo, watoto wa inzi weupe, karibu wote wako huko. Kisha malizia juu kwa mpito mmoja. Kwenye kabichi ambayo haijafunga, elekeza pua katikati, kwenye moyo, maana viwavi wadogo wanajificha hapo. Jani liwe limelowa lakini halichirizi. Likianza kuchiriza, dawa inaishia chini.

Tikisa bomba kila baada ya matuta machache. Imalize yote jioni hiyo hiyo. Dawa ya kesho ni maji machungu tu.

Acha tuta moja dogo bila kupulizia. Najua inauma, hasa kwa mwenye bustani ndogo, lakini bila tuta hilo hutajua kama wadudu walipungua kwa dawa yako au kwa sababu nyingine.

## Hatua ya 8: Hesabu

Kabla ya kupulizia, funga vitambaa kwenye mimea kumi iliyotawanyika, hesabu viwavi au majani yenye vidukari kwenye kila mmoja, andika. Hesabu tena siku ya tatu na ya saba. Fanya vivyo hivyo kwa mimea michache ya tuta usilopulizia.

Siku ya tatu, angalia kwa karibu. Jirani yangu mmoja wa bondeni aliniita akiwa amekata tamaa. "Kaka, njoo uone, wako vilevile." Tukachuchumaa kwenye kabichi yake. Kweli walikuwepo. Lakini kiwavi wa kwanza tuliyemgusa kwa kijiti hakujinyonganyonga wala kujining'iniza kwa uzi kama kawaida yao. Alikuwa amefifia, na nyuma ya kichwa ngozi ya zamani imekunjamana kama soksi iliyovuliwa nusu. Wa pili alikuwa mweusi nusu ya mwili. Pembeni yao jani changa lililochipua baada ya dawa halikuwa na tundu hata moja. Jirani akanyamaza, akageuza jani jingine, na jingine.

Utajua umefaulu: majani mapya ni mazima, viwavi waliobaki ni wadogo na wazito kutembea, na ifikapo siku ya saba hesabu yako imeshuka wazi kuliko ya tuta usilopulizia. Matundu ya zamani hayatajifunga, yasikutishe.

## Kurudia na kuvuna

Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7. Jani jipya linalochipua halina dawa, na ile ya zamani jua limeshaila. Mvua ikinyesha ndani ya saa 24 baada ya kupulizia, rudia. Kiangazi chetu kinatusaidia hapa. Anayelima mchicha wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, atapulizia mara nyingi zaidi.

Mizunguko mitatu mfululizo ndiyo inayokata kizazi. Kuacha baada ya mmoja kwa sababu bustani inapendeza ni kuwapa mayai yaliyobaki nafasi.

Subiri siku 3 kabla ya kuvuna, kisha osha mboga kwa maji mengi. Kwa mchicha na figiri usipoosha vizuri, mnunuzi atakula uchungu na hatarudi kwako.

## Huna mbegu? Majani na utupa

Majani ya mwarobaini yana nguvu ndogo. Twanga kilo 1 ya majani mabichi kwa kila lita 5 za maji, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni. Yanafaa kuzuia mapema au wadudu wakiwa wachache. Pulizia kila siku 4 hadi 5.

Utupa ni kichaka ambacho wazee walikitumia kulewesha samaki. Unawaua vidukari na viwavi kwa nguvu. Kausha majani kivulini, twanga, loweka kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji kwa saa 24. Hapa sabuni inatiwa tangu mwanzo, kwa sababu sumu yake haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu na sabuni ndiyo inayoivuta. Subiri siku 7 kabla ya kuvuna.

Jambo moja kuhusu utupa linawachanganya wengi: iko aina mbili, moja ina sumu na nyingine haina, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukipulizia vidukari kwenye kunde chache na baada ya siku tatu hakuna kilichobadilika, huenda kichaka chako ni kitupu. Omba mbegu kwa mtu ambaye wake umefanya kazi.

Na usioshe bomba wala ndoo ya utupa mtoni. Unachomwaga Lukuledi kinaua samaki wa mwenzako wa chini. Mwaga maji ya kuoshea kwenye shimo mbali na kisima.

## Mimea ya kuiacha

Tumbaku ina nikotini, inapenya ngozi na kumlewesha mpuliziaji. Zaidi ya hapo inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unaweza kuleta upofu. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo tunayo kwa wingi, yanachubua ngozi. Waulize akina mama wanaobangua korosho bila mafuta ya kujipaka mikononi. Hakuna sababu ya kuyapeleka kwenye mboga.

## Usalama na sheria

Dawa ya mmea nayo ni dawa. Usinywe, usipike karibu nayo, na mafuta ya mwarobaini yasifike kwa watoto. Kwa watoto wachanga yamewahi kuleta madhara makubwa. Mama mjamzito asiifanye kazi hii. Chombo kiandikwe, wala kisiwe chupa ya soda. Ukimaliza, oga, badili nguo.

Hii ni ya shamba lako. Kuifunga kwenye chupa na kuiuza ni jambo jingine: viuatilifu vinavyouzwa lazima visajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Ukishapulizia mizunguko mitatu kwa kufuata hatua zote na hesabu ya siku ya saba bado haishuki, usiongeze dozi. Chuma majani matatu yenye mdudu, yafunge kwenye gazeti, mpelekee bwana shamba wa kata siku hiyohiyo kabla hayajanyauka, pamoja na daftari lako la hesabu. Akiona namba za siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, na za tuta usilopulizia, ataweza kukwambia kama mdudu ni mwingine au kama mbegu zako zilikuwa zimechoka.